Hiyo skrubu si ya kupunguza mafuta!

Najua nimekuwa kimya majuma kadhaa, na najua niliahidi kumalizia ile makala ya hifadhidata. Itangoja. Leo nimekuja na hasira, na hasira yenyewe ni juu ya skrubu moja ya shaba isiyofika nusu ya kidole changu.

Skrubu hiyo iko ubavuni mwa kabureta ya pikipiki. Pita steji yoyote ya bodaboda uulize ni ya nini, utajibiwa papo hapo: ni ya mafuta. Ukiikaza, pikipiki inakula kidogo. Ukiilegeza, inakula sana. Fundi anajua, dereva anajua, hata anayechoma mahindi hapo kando anajua. Na wote wamekosea. Kosa hilo linawala watu pesa kila siku, na wengi wao ni watu ambao pikipiki yenyewe bado ni ya mkopo.

Niwape kisa. Mjomba wangu anafanya boda kule Voi na Honda CG125 ya zamani, ile ambayo valvu zake husukumwa na fito, muundo wa miaka ya 1970 ulionakiliwa na viwanda vya China mpaka siku hizi hujui ipi ni ipi. Mwaka jana akaona inakula mafuta. Akaenda gereji, ambayo sitaitaja. Fundi hakuuliza swali hata moja. Akachukua bisibisi, akasema, "Mzee, wacha niikaze kidogo isile," akazungusha, akapokea mia mbili, kwaheri. Hakuhesabu amezungusha kiasi gani. Hakuandika ilikuwa wapi kabla. Kwa sisi watu wa programu, hii ni kama kuingia kwenye seva ya benki, kubadilisha nambari moja, kufuta ile ya zamani, halafu kwenda kunywa chai.

Kuanzia siku hiyo pikipiki ikawa inazima kila akisimama kushusha abiria. Akarudi. Fundi akageukia ile skrubu nyingine, inayoinua slaidi, akapandisha mngurumo wa kusimama. Haikuzima tena, ila ikawa inanguruma kama inataka kuruka hata ikiwa imeegeshwa. Je, mafuta yalipungua? Wapi! Yalizidi. Fundi wa pili akaamua dawa ni kubadilisha jeti kubwa, akaweka yenye tundu dogo zaidi. Hapo unafuu ukaonekana kweli, na mjomba akanipigia simu kumsifu.

Sasa sikilizeni. Miezi miwili baadaye mjomba, kwa akili yake nzuri tu, akanunua chujio jipya la hewa. Lile la zamani nililiona kwa macho yangu, lilikuwa na vumbi jekundu la kutosha kupanda mahindi. Alifurahi, pikipiki ikawa na sauti mpya. Kabla mwezi haujaisha akabeba abiria na gunia kwenda Mwatate, saa nane mchana, mkono wa mafuta umesokotwa karibu mwisho njia nzima. Nguvu zikaanza kupotea. Alirudi akisukuma. Ilipofunguliwa, valvu ya moshi ilikuwa imeungua ukingo.

Mnaona kilichotokea? Tatizo la kwanza kabisa lilikuwa chujio. Hewa ilizibwa, kwa hiyo mafuta yakawa mengi kuliko hewa. Badala ya kufungulia hewa, mafundi wawili walibana mafuta yalingane na hewa iliyozibwa. Makosa mawili yakashikana mikono na pikipiki ikaenda. Siku kosa la kwanza lilipoondolewa, la pili likabaki peke yake, hewa tele na mafuta haba, likala injini. Yeyote aliyewahi kurithi programu ya mtu mwingine anaijua hali hii: unarekebisha hitilafu ya kweli, na kitu kilichokuwa kinaiegemea kinaanguka. Mjomba alikaa siku sita bila kazi, huku mwenye mkopo akipiga simu kila jioni.

Tuingie ndani ya kabureta yenyewe, maana hasira bila maelezo ni kelele tu.

Kabureta ni kompyuta isiyo na umeme. Hewa ikipita kwenye koo jembamba inaongeza kasi, na kasi ikiongezeka kanieneo, ile nguvu ya hewa kusukuma, inashuka. Ikishuka, petroli iliyo kwenye bakuli la chini inavutwa kupitia matundu madogo na kupulizwa kama ukungu. Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya namna hii, yenye floti na tundu la kupuliza, mwaka 1893, na wazo halijabadilika sana. Hesabu inayofanywa ni moja: ili petroli iungue yote bila kubakisha, kila gramu 1 inataka kama gramu 14.7 za hewa. Ukitaka nguvu nyingi zaidi unaongeza mafuta kidogo, mpaka karibu gramu 13 za hewa kwa gramu 1. Mafuta yakizidi nitasema mchanganyiko ni mzito, hewa ikizidi nitasema ni mwepesi.

Na hapa ndipo penye siri ambayo ingewaokoa watu wengi: kabureta haina njia moja ya mafuta, ina kadhaa, na kila moja ina zamu yake. Pikipiki ikiwa imesimama inanguruma, au umesokota mkono wa mafuta mpaka kama robo, anayetawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu yetu. Kutoka hapo mpaka nusu, umbo la chini la slaidi lina sauti yake. Kutoka robo mpaka robo tatu ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi. Ukisokota mwisho kabisa, ni jeti kubwa. Zamu hizi zinapishana kidogo kingo zake, lakini mpangilio ni huo. Kwa hiyo mjomba akiwa anakimbia kwenda Mwatate, ile skrubu ilikuwa karibu haina kazi. Unaweza kuikaza mpaka ilie, jeti kubwa haitajua. Kuirekebisha ili kupunguza mafuta ya safari ndefu ni sawa na kupunguza mwanga wa skrini ili intaneti iende kasi.

"Lakini mimi siendi safari ndefu," atasema dereva wa Nairobi, "niko kwenye jamu kutoka asubuhi." Hoja nzuri, na naikubali. Kwenye jamu pikipiki inaishi kwenye jeti ndogo, kwa hiyo skrubu ina maana huko. Ila angalia inavyofanya kazi. Injini ikinguruma taratibu, slaidi imefungwa karibu yote, moshi wa mpigo uliopita unabaki kwenye silinda na kuchafua mchanganyiko mpya. Ndiyo maana injini iliyosimama inahitaji mchanganyiko mzito kidogo kuliko inayotembea. Ukiubana chini ya hapo inakohoa na kuzima. Na dereva anayezimikiwa kila dakika mbili hufanya lile lile alilofanya fundi wa mjomba: anapandisha mngurumo. Injini iliyopaswa kuzunguka kama mara 1,400 kwa dakika inazunguka 2,000 na zaidi, mchana kutwa, mbele ya taa nyekundu. Wengine huvuta choki nusu asubuhi nzima. Hayo mafuta uliyoyabana mlangoni yametoka dirishani, na mengine juu yake.

Bado sijafika kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote.

Skrubu hizi ni za aina mbili, na zinafanya kazi kinyume! Aina ya kwanza inapima hewa. Ukiikaza, hewa inapungua, mchanganyiko unakuwa mzito. Aina ya pili inapima mafuta, na ukiikaza mafuta yanapungua, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Umbo karibu ni lile lile, bisibisi ni ile ile, ubavu ni ule ule wa kabureta. Zile Mikuni VM za pikipiki nyingi za mipigo miwili, zile za oili, zina skrubu ya hewa. Nyingi za mipigo minne zilizokuja baadaye zina skrubu ya mafuta. Sasa fikiria dereva aliyefunzwa kwenye Yamaha ya mipigo miwili kwamba "ikikohoa, legeza ipumue", halafu anampa ushauri huo huo mwenzake mwenye pikipiki ya aina ya pili. Wote wawili wamelegeza. Mmoja amepunguza mafuta, mwingine ameyaongeza. Halafu wanakaa steji wanabishana kama pikipiki za siku hizi ni mbovu. Mtengenezaji programu angeita hii kosa la alama: sehemu mbili zina jina moja, moja inajumlisha na nyingine inatoa.

Kuzitofautisha hakuhitaji shahada. Tazama slaidi iko wapi kwenye kabureta. Skrubu ikiwa upande wa chujio la hewa, kabla ya slaidi, ni ya hewa. Ikiwa upande wa injini, baada ya slaidi, ni ya mafuta. Basi. Dakika moja ya kutazama, na sijaona hata fundi mmoja akiitumia kabla ya kuzungusha.

Kumbukeni pia kwamba viwanda vyenyewe viliwahi kuchoka na mikono yetu. Marekani ilipoanza kudhibiti moshi wa pikipiki mwishoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji walianza kuifunika skrubu hii kwa kizibo cha shaba ili asiye na sababu asiifikie. Sisi tukikipata kizibo hicho tunakitoboa siku ya kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo nchi kama yetu ingepaswa kulijua kwa moyo. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa huku juu ni nyembamba, kanieneo lake ni kama asilimia 81 ya lile la Mombasa. Kabureta haina macho, inapitisha petroli karibu vilevile ingawa uzito wa hewa umepungua. Ukipiga hesabu, pikipiki iliyowekwa sawa Mombasa ikipanda Nairobi bila kuguswa, mchanganyiko wake unakuwa mzito kwa kama asilimia 8 au 9. Sasa geuza safari. Mtu wa Nairobi amebana kila kitu mpaka ikawa sawa kabisa, halafu Desemba anateremka pwani na mkewe nyuma na mizigo, joto, barabara tambarare, mwendo wa mwisho saa nzima. Kila kilomita anayoshuka mchanganyiko unakuwa mwepesi zaidi. Mchanganyiko mwepesi huungua polepole, valvu ya moshi inapofunguka moto bado unaendelea, na ukingo wa valvu ndio unaoulipia. Kwa zile za mipigo miwili ambazo oili huchanganywa tangini ni mbaya zaidi, kwa sababu mafuta yakipungua na oili imepungua, pistoni inakwama kwenye silinda.

Najua mtakavyonijibu. "Wewe kijana wa kompyuta, fundi ana miaka 20 gereji, ana sikio." Ni kweli, ana sikio, na silidharau. Nimewahi kushindana na mmoja, mimi na kifaa cha kuhesabu mizunguko, yeye na kichwa kilichoinamishwa kidogo, na aliipata nukta ya juu kabla yangu. Sigombani na sikio. Nagombana na kuzungusha bila kuhesabu, na kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo mmoja kisha kusema cha tatu ndicho kilichoponya. Sikio linakuambia sasa hivi pakoje. Halikumbuki jana palikuwaje.

Na wengine mtasema kabureta inakufa, kuna pikipiki za kupuliza mafuta kwa kompyuta, kuna za umeme. Sawa. India ilipoanza kanuni mpya za moshi Aprili 2020, pikipiki mpya za kwao zilihamia huko kwa wingi. Lakini nenda usimame kando ya barabara yoyote ya Taita uhesabu zinazopita. Zitaendelea kupita na kabureta zao miaka mingi bado, na aliyezipanda hana pesa za kungoja teknolojia.

Basi ifanyweje? Kwanza kabisa, weka bisibisi chini. Mtu akilalamika kuhusu mafuta, skrubu ni ya mwisho kuguswa. Fungua chujio. Hakikisha choki inarudi mpaka mwisho, nyingi hukwama katikati na mwenyewe hajui. Nusa kama bakuli linavuja, maana floti ikishindwa kufunga, mafuta yanamwagika tu. Tazama breki kama zinabana gurudumu, na upepo wa matairi, kwa sababu mara nyingine "inakula mafuta" ni tairi. Pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi kabisa. Kwa CG125 ni milimita 0.08, na nimekuta nyingi hazijapimwa tangu ziuzwe. Kisha nyunyizia maji ya sabuni kidogo pale kabureta inapoungana na injini wakati inanguruma. Mngurumo ukibadilika, kuna ufa au gasketi imechoka, hewa ya wizi inaingia, na hakuna skrubu duniani itakayoziba ufa. Na kama petroli ina harufu ya mafuta ya taa, unahangaika bure. Uchanganyaji huo ndio uliofanya serikali mwaka 2018 iweke ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo uende kwenye skrubu. Endesha dakika kumi, injini ipate moto kweli, choki imefungwa. Zima. Kaza skrubu polepole ukihesabu mizunguko mpaka iguse mwisho, uandike: moja na nusu, mbili kasorobo, iwe yoyote ile. Andika, usiseme utakumbuka. Ikigusa mwisho acha hapohapo, kwa sababu ncha yake ni kama sindano na ukiilazimisha inachimba tundu lake, na kabureta hiyo haitarekebishika tena. Irudishe ilipokuwa, au pale kitabu cha pikipiki yako kinaposema, kwa nyingi ni kati ya mzunguko mmoja na miwili na nusu. Washa. Zungusha robo kuelekea upande mmoja, ngoja sekunde kumi. Ngoja! Injini si skrini, haijibu papo hapo. Mngurumo ukipanda endelea, ukishuka rudi. Unatafuta pale panapokuwa juu na patulivu zaidi. Ukipapata, shusha mngurumo kwa skrubu ya slaidi mpaka kiwango chake, kisha rudia mara moja tena, kwa sababu skrubu hizi mbili zinategemeana.

Jaribu sasa mkono wa mafuta, usokote ghafla na kuachia. Ikisita kama inameza mate kabla ya kuitika, au ukiachia mngurumo unabaki juu na kushuka kwa uvivu, bado ni mwepesi. Ukiachia ikashuka chini mno inataka kuzima halafu ikajiinua, ni mzito. Hapo ongeza au punguza theluthi ya mzunguko, hakuna zaidi.

Kuhusu rangi ya plagi, najua mnaipenda. Nyeupe ni mwepesi, nyeusi yenye masizi ni mzito, kahawia ni sawa. Sikatai, ila rangi hiyo inaeleza zamu ya mwisho injini iliyofanya. Ukiendesha kwa mwendo mkubwa kisha ukaingia mjini polepole dakika tano na kuitoa plagi, umesoma jeti ndogo, si kubwa. Nimeona mtu akibadilisha jeti kubwa kwa sababu ya masizi aliyoyatengeneza mwenyewe akingoja fundi amalize simu huku injini inanguruma.

Ya mjomba tuliimaliza Aprili, mimi na yeye, Jumapili nzima chini ya mwarobaini. Valvu mpya, jeti kubwa ya namba ile ile iliyotoka nayo kiwandani, chujio jipya tukaliacha. Skrubu ilikuwa imekazwa imebaki nusu mzunguko. Tukaitafuta kwa utaratibu mpaka ikatulia kwenye mmoja na robo tatu, tukashusha mngurumo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi tuliweza kuongea bila kupaza sauti pikipiki ikiwa imewashwa kando yetu. Ana daftari sasa, anaandika lita na kilomita kila anapojaza. Imerudi kula kama zamani, kabla ya vumbi, bila jeti ya kubana.

Ndani ya kifuniko cha pembeni nimemwandikia kwa rangi nyeupe: 1¾, na tarehe. Wiki iliyopita yule fundi wa pili alikifungua kubadilisha betri, akaiona, akamuuliza mjomba hiyo ni bei ya nini.